Kivuli cha Mwalimu Simiyu

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, ambayo nilipanga kutoroka shule. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimeletwa kutoka Bokoli hadi shule ya bweni karibu na Kitale, na muhula mzima hakuna aliyejishughulisha na jina langu. Waliniita Bokoli. "Sasa Bokoli, ati mama amekuja kukuogesha?" Wanacheka, nami nacheka nao, kisha naenda kukaa nyuma ya maktaba peke yangu. Siku hizi naandika makala kuhusu upweke na watu wananiita mtaalamu.

Shule yetu ilikuwa na desturi. Kabla ya kufunga muhula, wanafunzi, walimu na wazee wa jirani walipita msituni kwa mstari mmoja, giza likiingia, hadi uwanja mdogo kando ya mto ambako tuliomba na kunywa chai. Taa za chemni zilibebwa na wanafunzi tu. Wazee walitembea bila taa, kila mmoja mbele ya mwanafunzi, nawe uliishusha taa yako hadi magotini, imulike visigino vya aliye mbele. Hukujimulikia mwenyewe. Hiyo ilikuwa kazi ya taa zilizo nyuma yako.

Mimi niliwekwa mwisho kabisa. Nyuma yangu ilikuwa miti tu. Mbele yangu alitembea Mwalimu Simiyu, aliyestaafu zamani, mtu wa maneno machache na fimbo. Niliiona hiyo kuwa bahati. Mahali njia inapogawanyika, upande wa kushoto ulielekea barabara kuu. Nilisikia malori yakienda Webuye, upande wa kwetu. Nani angejua kwamba Bokoli hayupo? Nikateremsha utambi, nikapuliza.

Mwalimu akasimama palepale. Hilo sikuwa nimelifikiria, na mimi ndiye niliyejiona mjanja. Muda wote kivuli chake kilikuwa kinamtangulia njiani kwa sababu ya taa yangu. Sasa kilikuwa kimetoweka.

Hakugeuka. "Wewe wa nyuma," alisema, "bado uko?"

Mstari uliendelea bila sisi, taa zikipungua kati ya miti.

"Kama unaenda, enda," akasema. "Mimi tangu nimzike mama ya watoto, hakuna mtu amenimulikia. Nimekuja leo juu ya hiyo tu. Lakini nifikishe kwanza, bana. Ndio uende."

Nilipapasa kiberiti, vijiti vikanivunjikia mkononi, na yeye akasubiri bila kuniharakisha. Taa ilipowaka, kivuli chake kilirudi njiani, kirefu, na fimbo yake. Tukatembea. Tulipofika, chai ilikuwa imepoa na malori yalikuwa bado yanasikika, lakini sikuyafuata. Marafiki sikupata jioni ile. Upweke ulinifuata hadi chuo kikuu, tukasoma pamoja, na nadhani wenyewe ulihitimu vizuri kunishinda.

Juzi nilirudi kwenye matembezi yale. Sasa mimi ndiye mzee asiye na taa, na nyumbani kwangu Kitale nafungua mlango mwenyewe na kuufunga mwenyewe. Nyuma yangu ulikuwa wewe, mwanangu, binti mgeni usiyeongea na mtu. Tulipofika pale njia inapogawanyika, niliona kivuli changu kikitetemeka. Sikugeuka. Nilingoja. Kikatulia.

Kwa hiyo nakuambia hili. Ukiwa mpweke utadhani hakuna atakayejua umeondoka, kwa kuwa hakuna anayekuita kwa jina. Usiwahesabu wanaokuita. Mtazame aliye mbele yako, anayekanyaga kwa mwanga wako na hajawahi kukuambia. Mfikishe kwanza. Ukishamfikisha huenda bado utataka kuondoka, huenda usitake. Hapo siwezi kukuahidi kitu, maana mimi mwenyewe bado natembea.

Mungu akushike mkono, mwanangu. Asikukoseshe mtu wa kumulikia. Na siku utakapotembea bila taa, ukikitafuta kivuli chako njiani, ukikute.