Kutembea Vizuri kwa Mguu Mbaya

Mume wangu anajua kutembea vizuri kwa mguu mbaya, na huo ndio ugomvi wetu. Mtaani wanadhani tunagombana kwa sababu ya pesa au wanawake. Laiti ingekuwa hivyo. Pesa hana, na mwanamke mwenye akili zake hawezi kumvumilia. Nimebaki mimi tu.

Ni kinyozi. Kibanda chake kiko kwenye kona, kina mlango wa bluu, kioo kirefu chenye ufa, na kiti cha kuzunguka alichokinunua kwa daktari wa meno aliyefunga kazi. Kiti hicho ndicho kilichomwokoa baada ya lori kumponda mguu wa kulia, naye alikuwa amesimama zake pembeni mwa barabara, hana habari na mtu. Hospitali wakaukata chini ya goti. Kinyozi mwenye miguu miwili humzunguka mteja. Huyu wangu, gongo likiwa kwapani na mkono mmoja tu uko huru, humzungusha mteja. Wanamtania kwamba kwake unalipia kunyolewa, bembea unapewa bure. Anacheka nao. Jioni anarudi kwapa limechubuka na bega limepanda juu, na mimi ndiye ninayelikanda kwa maji ya moto. Anachokitaka hapa duniani ni kitu kimoja, kusimama kwa miguu miwili na kumzunguka mteja mikono yote ikiwa kazini. Hajawahi kuniomba tuote gari wala ghorofa.

Mimi nauza viatu. Nalisema mapema kwa sababu hasira zangu zimeanzia hapo. Mteja wangu akijaribu kiatu kikambana, hanionei haya. Anakivua palepale, anasema kinabana, na mimi natafuta kingine. Sijawahi kumwona mtu akinunua kiatu kinachombana ili mimi nisijisikie vibaya.

Sasa, nyuma ya hospitali kuu kuna chuo kinachofundisha kutengeneza viungo bandia. Wanaosoma pale wana digrii tayari. Wanakuja kuchukua ya pili, ya uzamili, ili huko waendako wawe wakubwa wa karakana na walimu wa wengine. Lakini mguu haufundishwi kwa vitabu peke yake. Anatakiwa mtu aliyekatwa. Anakalishwa, anafungwa bandeji yenye plasta kwenye kigutu, yaani ile sehemu ya mguu iliyobaki. Plasta ikikauka wanaivua, wanamimina nyingine ndani yake, wanapata sanamu ya kigutu. Sanamu hiyo wanaipiga tupa hapa, wanaiongeza plasta pale, kisha wanaivalisha plastiki ya moto ambayo ikipoa inakuwa kikombe cha kuvaa. Chini ya kikombe wanafunga bomba na unyayo wa mpira. Siku ya mtihani yule mtu anatembea katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, watahini wanatazama na kutoa alama. Mtu huyo wanamwita mgonjwa wa mfano. Mume wangu ameifanya kazi hiyo miaka na miaka mpaka jina likamganda. Chuoni wote wanamwita Mzee Mfano.

Anapewa nauli na chai. Mtihani ukiisha, mguu unavuliwa. Bomba na unyayo vinafunguliwa kwa spana na kurudi stoo kungoja darasa lijalo, maana vipuri ni vichache. Kikombe kinatupwa juu ya rafu pamoja na vikombe vya nyuma. Sijui mtu mwingine aliyetengenezewa miguu mingi kama mume wangu, na kila mara alirudi nyumbani kwa magongo. Nilipomuuliza kwa nini wasimwachie hata mmoja, akanijibu, "Ndio utaratibu, Mama Pacha." Neno utaratibu linanipandisha presha hadi leo.

Hilo ningelimeza. Lililonishinda ni la jioni moja aliporudi na uso umemng'aa, mikono ina vumbi la plasta, akajibwaga kwenye kochi.

"Leo nimempitisha mmoja," akasema.

"Umempitishaje? Siku hizi wewe ndiye mtahini?"

"Mguu ulikuwa unauma, we acha tu. Kila nikikanyaga, mfupa wa mbele unasagwa. Lakini kijana wa watu alikuwa anatetemeka, hata spana imemponyoka. Nikajikaza kisabuni. Nimetembea pale kama bwana harusi. Wamempa alama za juu."

"Na hao watahini hawakukuuliza kama unaumia?"

"Wao wanaangalia mwendo."

Wanaangalia mwendo. Nilirudia maneno hayo jikoni peke yangu, nikagonga sufuria. Ina maana wanamtazama mtu kuanzia kiunoni kwenda chini, na habari ya kwamba huko juu ana mdomo haiwahusu. Tena siyo siku hiyo tu. Nilipombana alikiri kwamba ndivyo alivyofanya kwa kila mwanafunzi aliyemwonea huruma, na yeye humwonea huruma kila mtu. Nikamwambia huo ni ujinga. Akasema mimi nina roho ngumu, vijana hao wametoka mbali, wengine wamekopa ili wasome. Kwake ilikuwa sadaka.

Yule kijana tulimwita Mpole, kwa vile alivyoongea taratibu huku akitazama viatu vyake. Alipomaliza uzamili alikuja kibandani, suti imembana mabegani, akamshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili. "Baba, umeniokoa," akasema. Mume wangu akamnyoa bure. Wiki nzima hakukukalika nyumbani kwa sifa.

Kisha hospitali kuu ikafungua karakana yake na kuanza kutoa miguu ya kubaki nayo, moja kwa moja, kwa wenye subira ya foleni. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu ya mume wangu ilipofika tuliingia chumbani, na nani amekaa pale na koti jeupe? Mpole. Walikumbatiana. Mimi mwenyewe, na roho yangu ngumu, nilifuta machozi.

Mguu ulipokuwa tayari alirudi nao nyumbani akiwa ameuvaa. Pacha wetu wa kike alimpigia makofi, wa kiume akajaribu magongo. Mimi nikamletea jozi mpya ya viatu kutoka dukani, maana siku zote nilikuwa nampa kimoja cha kushoto na kingine kinabaki kunitazama. Magongo tukayapandisha juu ya kabati. Kesho yake nilikwenda kibandani makusudi, nikajificha upande wa pili wa barabara nimwone. Alikuwa anamzunguka mteja. Kiti kimetulia, yeye ndiye anayezunguka, mkasi mkono huu, kitana mkono ule. Sijawahi kufurahi kiasi kile.

Siku chache baadaye nilikuta soksi ya kigutu chini kabisa ya nguo chafu, imefichwa ndani ya suruali. Upande wa mbele ilikuwa ngumu kwa damu iliyokauka.

"Hii nini, Baba Pacha?"

"Mguu mpya huo. Ngozi itazoea."

Sikubishana naye. Nilimvuta mpaka hospitali. Nje ya karakana kulikuwa na benchi limejaa watu waliorudi. Mama mmoja alikuwa ameuvua mguu wake na kuupakata. Tulipoingia, nikamwambia Mpole kwamba mguu unamuumiza mume wangu. Mpole akashtuka, akasema, "Hebu tembea kidogo, Baba, nione."

Na huyu mtu, huyu niliyezaa naye, akatembea. Mgongo umenyooka, hatua zinalingana, tabasamu limekaa mahali pake. Alikwenda mpaka dirishani akageuka akarudi, na ndani ya soksi yake kulikuwa na kidonda kibichi. Nadhani hata yeye hakujua anachokifanya. Alikuwa ameambiwa tembea na mtu aliyeshika kalamu, basi mwili ukafanya ulichozoea. Nilitamani kumchapa na mkoba.

"Mbona yuko sawa, Mama?" Mpole akaniambia. "Mwendo mzuri kabisa."

"Mvue," nikamwambia.

Akamvua mguu. Kile kidonda kilikuwa mbele, juu ya mfupa, kimefunguka. Mpole alikitazama, kisha akachukua kikombe, akaingiza vidole ndani na kupapasa mahali palepale.

"Kwenye mfupa huu tunafundishwa kuongeza plasta kwenye sanamu, ili kikombe kisiuguse," akasema. "Kwenye mtihani niliongeza kidogo mno. Nilijua ni kidogo, ndiyo maana nilikuwa na hofu. Halafu Baba akatembea vile, wakanisifu. Nikajua kumbe kidogo kinatosha. Tangu hapo ndivyo ninavyofanya."

"Kwa kila mtu?"

Alitazama mlango, ambako nje yake kulikuwa na lile benchi.

Nilikasirika mpaka nikaona giza. Nilimkasirikia Mpole kwa kuyaamini macho yake akaacha kuuliza. Nilikikasirikia chuo kilichompa digrii ya pili bila siku moja kumwagiza amuulize mgonjwa swali la kitoto, unaumwa wapi. Lakini zaidi ya wote nilimkasirikia mume wangu, maana yule mama wa nje alikuwa amepakata huruma yake.

"Mwanangu," mume wangu akasema, "ule mguu wa mtihani uliniuma tangu hatua ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unatetemeka."

Mpole akakaa juu ya ndoo ya plasta iliyofunikwa. Baadaye aliinuka, akasema atamtengenezea upya kidonda kikipona na plastiki zikifika, kisha akaenda kumwita yule mama. Sisi tukapitia mlango huohuo, mume wangu akipita ukutani ukutani ili asimtazame mtu usoni. Magongo yakashuka kutoka juu ya kabati. Kibandani kiti kikaanza kuzunguka tena.

Kidonda kilikuwa kimeshafunga, plastiki bado hazijafika, chuo kilipompigia simu. Mitihani. Nilidhani atakataa. Alisema atakwenda. Nikasema basi tunakwenda wote, na duka nikalifunga.

Safari hii alipangiwa binti, mwembamba, kucha zimejaa plasta, heshima tele. Alimletea mume wangu chai kabla ya kunywa yake. Siku ya kwanza alichukua sanamu, siku zilizofuata akatengeneza kikombe. Alipomjaribisha, nilimsikia kwa masikio yangu akimuuliza, "Panabana, Baba?" Mume wangu akasema kidogo. Binti akapasha moto, akasukuma plastiki kwa nje, akauliza, "Na sasa?" Mume wangu akasema, "Afadhali."

Njiani nilimshukia. "Afadhali ni jibu la mtu aliyeulizwa habari ya mafua. Panauma au hapaumi?"

"Panauma."

"Basi kesho useme. Na usimtazame usoni, maana nakujua. Tazama ukuta."

Kesho yake niliruhusiwa kusimama kwenye mlango wa ukumbi. Watahini walikuwa wamekaa upande mmoja: mkuu wa mafunzo, mtu wa makamo mwenye sauti nzito, na mtahini mgeni kutoka chuo kingine. Binti alisimama mwisho wa vyuma, ameshika spana kwa mikono miwili. Mkuu wa mafunzo akasema, "Haya, Mzee Mfano, tuonyeshe."

Akaanza. Na alimtazama usoni. Nikaona mgongo unanyooka, nikaona lile tabasamu linapanda, hatua zinakuja moja baada ya moja, safi. Alifika katikati. Nikasema moyoni, basi tena, tutazikwa na adabu yake.

Halafu akageuza kichwa akatazama ukuta. Tabasamu likamtoka. Hatua iliyofuata alichechemea, ya pili akachechemea zaidi, akashika vyuma na kusimama.

"Panauma," akasema.

"Malizia kwanza, Mzee, fika mwisho," mkuu wa mafunzo akasema. "Siku zote unatembea vizuri. Leo umeamkia upande gani?"

"Siku zote panauma. Leo ndiyo nasema."

Mtahini mgeni ndiye aliyeinuka, akaja mpaka kwenye vyuma, akauliza, "Wapi?" Miaka yote ile, mitihani yote ile, hilo lilikuwa swali la kwanza. Mume wangu alionyesha kwa kidole.

Binti aliambiwa arudie. Mguu ukafunguliwa, bomba na unyayo vikaenda stoo. Watahini wakaenda kunywa chai, na kupitia dirishani niliwasikia wakiongea habari nyingine kabisa. Nilitaka niingie niwapindulie meza. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje na magongo yake, analia bila sauti, mtu mzima mwenye mvi. Alikuwa anamlilia binti. Ndivyo alivyo, sitambadilisha.

Binti akatoka, macho mekundu. Akatupita bila salamu, akaenda hatua kadhaa, akasimama, akageuka. Nikajiandaa kumjibu kama angemtukana.

"Jumatatu nachukua sanamu upya," akamwambia mume wangu kwa hasira. "Uje. Na ukija nikikuuliza, usiniambie afadhali."

"Nitakuja," mume wangu akasema.

Binti akaondoka akipiga visigino chini. Nilimpenda palepale, kwa hasira ile ile.