Rukia wa Chumba cha Redio

Siku hizi Rukia Guled anaishi mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, karibu na stendi ya boda boda, na kelele za pikipiki hazimsumbui. Alizoea kelele. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliimaliza katika chumba cha redio cha kituo kidogo cha polisi huko Ziwa, mji mdogo wa wakulima, akisikiliza mikwaruzo kutwa nzima.

Alipopelekwa huko akiwa konstebo mpya, babake, msafirishaji wa mizigo mjini Eldoret, alinuna. Alitaka binti yake akae katika duka la familia. "Polisi ni kunyeshewa tu," alimwambia. OCS, mkuu wa kituo, ndiye aliyemwondoa kwenye mvua. Alimsikia akisoma taarifa asubuhi gwarideni, akasema, "Huyu mpelekeni redio. Kila neno lake linasikika."

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba moja ndefu. Mbele palikuwa na meza ya kupokea ripoti, nyuma seli, katikati ofisi za trafiki na za wapelelezi. Kikosi cha wizi wa mifugo kilikuwa na kibanda chake kando ya ua, na Land Rover iliyowaka kwa kusukumwa. Askari wakitoka, wote walimtegemea Rukia. Alijua nani yuko doria, nani amepeleka mahabusu kortini, na nani amekwama kwenye matope.

Alasiri moja ya siku ya soko, mvua ikinyesha, aliingia mkulima mmoja, Mzee Kipyego, amelowa chapachapa.

"Afande, ng'ombe zangu zimeenda," alisema. "Tulikuwa sokoni. Tumerudi, boma ni tupu."

Rukia akamwita Koplo Gathogo, mkuu wa kikosi cha mifugo, aliyekuwa nje na vijana wake. Redio ikajibu mikwaruzo tu. Akaita tena, na tena. Mwishowe akamkumbuka Cyril wa trafiki, aliyekuwa na pikipiki kwenye kilima cha njia panda. Cyril alimsikia, na kutoka kule juu aliweza kumsikia Gathogo pia. Basi kila alichosema Rukia, Cyril alikirudia, na majibu yakarudi vivyo hivyo.

"Kaa, Mzee, chai iko," Rukia alimwambia Kipyego. Mzee akakaa mlangoni, kikombe mkononi, bila kunywa.

Mvua ilipokatika, sauti ya Gathogo ikaja yenyewe. "Tumezipata ukingoni mwa msitu. Wezi wametoroka. Ova."

"Muulize kama ile ya pembe moja iko," Kipyego alisema.

"Iko," Gathogo alijibu, "na imenipiga teke."

Mzee Kipyego alicheka, kisha akafunika uso kwa kofia yake na kulia. Soko lililofuata, mkewe Esther alileta kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, akaomba aonyeshwe huyo mtu anayeongea ndani ya sanduku.

Kisha simu za mkono zikaenea. Watu wakawa wanampigia Gathogo moja kwa moja, na redio ikanyamaza siku nzima. Rukia akahamishiwa dawati la jinsia na watoto. Mwanzoni kazi ilimshinda. Alizoea maswali mafupi na majibu ya haraka. Mama mmoja kijana, Chebet, alikuja na jicho limevimba. Rukia akamuuliza nani, wapi, saa ngapi. Chebet akajifunga kitenge vizuri, akaondoka.

Rukia hakulala vizuri. Chebet aliporudi siku chache baadaye, Rukia aliacha kalamu mezani, akavuta stuli akakaa kando yake, akammiminia chai. Chai ilikuwa imeshapoa Chebet alipofungua kinywa. Siku hiyo alisema yote. Mume alifungwa, na Chebet akahamia mjini, ambako anauza mboga mpaka leo.

Mwaka jana Rukia alirudi kituoni kugongewa muhuri karatasi za pensheni. Chumba cha redio kilikuwa kimejaa pikipiki zilizokamatwa. Alisimama mlangoni akinusa petroli, akitafuta kwa macho mahali meza yake ilipokuwa. Konstebo kijana, Joyline, alimletea kiti.

"Wanasema mlikuwa mnafanya kazi yote na redio moja," alisema. "Si mlikuwa mnachoka, Mama?"

"Tulichoka sana," Rukia alisema. "Lakini nilijua kila mtu yuko wapi."

Joyline alitabasamu kwa adabu, akaitwa mbele. Rukia alikaa pale kidogo, hakuna aliyemfukuza. Alipotoka alimpigia Gathogo, aliyestaafu akarudi kwao Timboroa kulima viazi. Waliongea juu ya baridi, juu ya ile Land Rover, juu ya magoti yao, mpaka kredito ikaisha.