Dawa ya Baba Niliyoificha Kwenye Mbegu

Nakumbuka siku moja ya mavuno ya kahawa, mwanangu, nilishuka mlima kwa mbio mpaka kanga ikanitoka kiunoni, nikikimbilia nyumbani kuchukua kitu ambacho asubuhi ile nilikuwa nimekificha kwa mikono yangu mwenyewe. Nyuma yangu, kati ya mibuni, baba yangu alikuwa amekaa chini anatafuta pumzi. Leo nina wajukuu, lakini siku ile sijaisahau.

Kwetu ni Mbozi, mbele ya Vwawa, na enzi hizo Songwe ilikuwa haijawa mkoa. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi Tunduma kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mchana kutwa alivuta vumbi la unga, jioni akavuta sigara. Aliporudi kijijini kulima kahawa, alirudi na kikohozi. Watu wakasema ni kifua kikuu, wengine wakasema ni ule ugonjwa wa mpakani, yaani ukimwi, na majirani wakaanza kumtengea kikombe chake. Alipimwa makohozi, akapimwa na damu, maradhi yote mawili hayakuonekana. Daktari akamwambia mapafu yake yamechakaa kwa moshi na vumbi, kwamba ugonjwa huo hauponi ila unatunzwa. Akamwagiza aache sigara, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile tunayoiita pampu.

Mama alikwisha fariki, na ndugu zangu walikuwa na miji yao. Nilibaki mimi, msichana wa miaka ishirini na miwili, ndimi mpishi na ndimi muuguzi. Nikaiogopa ile pampu tangu mwanzo. Kila baba alipoivuta, mikono ilimtetemeka, na nikiweka kiganja mgongoni mwake nilisikia moyo unakwenda mbio. Baadaye miguu ikaanza kumvimba. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba mzee amekanyaga kitu cha uchawi alichotegewa.

Ndipo akaja shangazi Eseri, dada yake baba, kutoka Tunduma. Mumewe alikuwa na maradhi yayo hayo, na alikufa ameifumbata pampu ndani ya kiganja, hata ikabidi wamfumbue vidole. Shangazi aliniambia dawa ile huuzoesha mwili, mtu asiweze tena kuvuta hewa ya Mungu, na mwisho huuchosha moyo ukasimama. Hakunidanganya, mwanangu. Alisema alichokiamini, na alikisema akilia. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikumuuliza mtu mwingine yeyote. Kulipokucha, baba akiwa ananawa uso, nikaitoa pampu kwenye mfuko wa koti lake, nikaizika ndani ya chungu cha mbegu za maharage.

Tukapanda mlima kwenda shambani kuchuma kahawa. Kwa saa mbili tatu hali ilikuwa njema, hata nikajisifu moyoni. Kisha jirani wa bondeni akachoma mabua yake ya mahindi, na upepo wa Mbozi wa mwezi wa saba ukautupa moshi wote juu yetu. Baba akakohoa. Akashika tawi la mbuni, akainama. Akapapasa mfuko wa kulia, kisha wa kushoto, akarudi wa kulia. Hakuwa na pumzi ya kuniuliza. Aliniangalia tu.

Mimi nikakwepa macho yake, nikatazama miguu yake, kisha nikageuka nikashuka mlima mbio.

Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa uani anapeta maharage. Nikaingia, nikapindua chungu, mbegu zikatapakaa sakafuni, nikaikamata pampu. Mlangoni shangazi akanishika mkono. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu.

"Ukimpelekea hiyo, unampelekea kifo," akasema.

"Kifo kiko naye tayari, shangazi. Niachie."

Hakuniachia. Nikamsukuma, mimi binti niliyelelewa kutompita mkubwa bila kupiga goti, nikamwangusha kwenye ungo wake, nikapita. Sikugeuka nyuma kumtazama.

Nilimkuta baba amekaa, viganja juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, kama aliyekula zambarau. Nikambonyezea pampu mdomoni mara nne tano kwa pupa, lakini dawa ilinirudia usoni, kwa maana hakuweza kuivuta na mimi sikujua namna. Yule aliyechoma mabua aliona, akaja na baiskeli yake. Tukampandisha baba nyuma, mmoja akasukuma, mmoja akamshika mgongo. Njia ya zahanati ni fupi, lakini siku ile sikuona mwisho wake. Kila kilipofika kimya kati ya pumzi moja na nyingine, nilidhani ndiyo imekwisha.

Zahanatini alikuwapo muuguzi mtu mzima, Nesi Agnesi, mama mnene mwenye sauti ya chini. Hakukimbia. Alimketisha baba ameinama mbele, akakata tundu kitakoni mwa chupa tupu ya plastiki, akaichomeka pampu hapo, mdomo wa chupa akamwekea baba mdomoni. Akabonyeza mara moja, akamwacha avute dawa taratibu kutoka ndani ya chupa, akahesabu, akabonyeza tena. Akamwambia atoe pumzi kwa midomo iliyobanwa, polepole, kama anayepoza uji wa moto. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Ninachojua ni kwamba niliona rangi inarudi kwenye midomo ya baba.

Nesi Agnesi akanitoa nje akaniuliza pampu ilikuwa wapi. Nikamweleza yote, hata habari ya kumwangusha shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja ambalo limenikaa mpaka leo: "Ukiona jembe linamchubua mtu mkono, unamnyang'anya jembe au unamtafutia mpini mzuri?"

Kisha akaketi nami kwenye benchi akanifundisha. Akanikumbusha mbuzi anapochinjwa, jinsi mapafu yalivyo mepesi hata yakielea majini. Ni kwa sababu yamejaa vifuko vidogo vya hewa visivyohesabika, na pembeni ya kila kifuko hupita damu. Moyo, akasema, una pande mbili. Upande wa kulia unasukuma damu iende mapafuni ikachukue hewa safi. Upande wa kushoto unaipokea na kuituma mwilini, kichwani hadi kidole cha mguu. Moshi wa miaka mingi huviharibu vile vifuko na kubana njia zake, hewa ikaingia lakini ikashindwa kutoka. Hapo upande wa kulia wa moyo hutaabika, kama mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia mlimani kila siku. Ukichoka, maji hujikusanya miguuni. Hakuna aliyemtega baba yako, akaniambia. Na huko kutetemeka na moyo kwenda mbio ni kweli huletwa na dawa, lakini hupita. Neno kama hilo huletwa zahanati, halizikwi kwenye chungu.

Baba alipelekwa hospitali, akalazwa wiki nzima, akapewa na vidonge vya kupunguza yale maji. Siku ya tatu nilipiga magoti kando ya kitanda nikakiri. Akasema alijua tangu kule shambani.

"Na mimi nimekuficha," akasema. "Sijaacha sigara. Nilikuwa navuta kwenye banda la kahawa ukienda kisimani."

Tukatazamana, mwanangu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na nyumba yetu ilikuwa na waficha wawili.

Shangazi alikuja hospitali siku iliyofuata, mkono umefungwa kitambaa kwa sababu yangu. Nikamwomba radhi, akanipa. Alikuwa ameileta pampu ya marehemu mumewe, aliyoitunza miaka yote sandukuni. Muuguzi wa pale akaitikisa, akaibonyeza, haikutoa kitu. Ilikuwa tupu, na hakuna aliyeweza kusema iliisha lini, kabla ya kifo cha mumewe au baadaye. Shangazi akaichukua, akaibonyeza mwenyewe, mara moja, mara mbili. Tangu hapo hakumwambia tena mtu yeyote kwamba dawa ile inaua.

Baba hakupona. Lakini alitupa sigara, mara hii kweli. Nilijenga jiko jipya lenye bomba la kutolea moshi, nikawa napika kwa kuni kavu. Kila asubuhi alitembea mpaka barabarani na kurudi, akipumzika kabla ya kuchoka. Makohozi yakibadilika rangi tulikwenda zahanati siku hiyo hiyo. Aliishi miaka tisa zaidi, akanikabidhi kwa mume wangu kanisani akiwa amesimama mwenyewe.

Basi mwanangu, ninakuasa hivi. Ukiwa na mgonjwa wa kifua, jifunze dawa yake kabla hajazidiwa, kwa maana siku ya kuzidiwa si siku ya kujifunza. Jua jinsi inavyovutwa, jua iko wapi, jua kama imekwisha. Mwondolee moshi, wa jikoni na wa sigara. Neno la mtu aliyefiwa lisikilize kwa huruma, kisha kaulize kwa mwenye ujuzi. Usimnyang'anye mgonjwa kitu kwa hofu yako wewe. Na ukikosea, sema mapema. Mimi nilikuwa na njia nzima ya kupanda mlima kwenda shambani, ningeweza kusema, nikanyamaza.

Mungu akupe pumzi ndefu, na moyo usiochoka kabla ya siku zake. Akujalie nyumba ambayo anayeumwa haoni aibu kukohoa, na aliyekosea haogopi kufungua kinywa. Enenda na heri, mwanangu.