Kahawa ya Padre na Kura ya Nane

Karatasi ilipitishwa Jumapili kwenye kikao cha akina mama wa Kata ya Nne ya kanisa letu, na kama hujawahi kukaa kwenye kikao cha akina mama wa Helaman, Utah, hujui nguvu ya karatasi. Mwanamke wa hapa anaweza kumkatalia mumewe, anaweza kumkatalia gavana, lakini karatasi ya kujiandikisha ikitua mapajani mwake, na kalamu imefungwa kwa uzi, anaandika jina. Ardith Tolman, mwenye miaka sabini na minne, alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango kwa sababu ya goti lake bovu, kwa hiyo ilimfikia ikiwa imejaa. Mstari mmoja tu ulibaki. Aliinua miwani akausoma: Padre Grabowski, Mkatoliki, kutoka Ohio. Kulala Jumatano, chakula cha jioni na kifungua kinywa. Anakunywa kahawa.

Wanawake thelathini na wawili walikuwa wameuruka mstari ule kama dimbwi la njiani. Ardith akamgeukia jirani yake, Norma Stoddard, ambaye alikuwa amejichukulia mgeni wa kutoka Oregon, na kwa mujibu wa karatasi mgeni huyo anakunywa maji tu.

"Norma, wewe una vyumba vitano."

"Vyote vimejaa nyanya za kopo, mpenzi," Norma akasema, wala hakuona haya. "Za akiba."

Basi Ardith akaandika jina lake.

Wageni wale hawakuwa wageni wa kuja kutazama milima. Walikuwa wakaguzi wa ligi. Chuo Kikuu cha Helaman ni chuo cha Watakatifu, yaani sisi Wamormoni tusiokunywa kahawa wala chai, na kwa miaka kumi na moja kilikuwa kinacheza mpira peke yake kama mtoto aliyesuswa, tangu ligi yetu ya zamani isambaratike pale vyuo vikubwa vilipokimbilia pesa za televisheni. Leo tunacheza Hawaii, wiki ijayo Florida, wachezaji wanafanyia mitihani uwanja wa ndege. Sasa ligi nyingine ya vyuo kumi ilikuwa inatafuta mwanachama mpya. Zilihitajika kura nane. Na kura zote zilikuwa zinagota palepale pa siku zote: sisi Jumapili hatuchezi. Iwe fainali, iwe nini, hatuchezi. Mtu angedhani vyuo vya dini vitatuelewa, lakini wapi, hao ndio wenye maneno zaidi. Wabaptisti wa Texas walitaka kujua kama wokovu wetu ni wokovu kweli. Wakatoliki wa Ohio walikuwa wameandika barua ya kurasa tatu kwamba Jumapili wao wanasali saa tatu na saa nane wanacheza, na Mungu hajawahi kulalamika. Aliyeandika barua hiyo ni huyo huyo Padre Grabowski.

Ardith aliujua mpira kwa upande wa nyuma. Alizaliwa kwa wafuga kondoo huko juu, akaolewa na Verl Tolman aliyechora mistari ya uwanja wa chuo miaka thelathini na mitatu, na yeye mwenyewe akafua jezi za timu miaka thelathini na mmoja. Alijua nani anatoka jasho la woga na nani anajificha kwenye benchi. Verl alikufa miaka minne iliyopita akiwa bado anauliza kama barua ya ligi imefika.

Lakini wiki ile Ardith hakuwa na moyo wa mpira. Jumamosi mjukuu wake Brinlee alikuwa anafunga ndoa hekaluni, na hekaluni huingii kwa sura nzuri. Unaingia kwa kibali, kikaratasi chenye sahihi, na cha Ardith kilikuwa kimekwisha muda mwezi uliopita. Mara tatu alipanga na Askofu Bagley mahojiano ya kupata kipya, na mara tatu askofu alikuwa safarini kuibembeleza ligi. Maana Dalton Bagley siku za kazi ni daktari wa meno, Jumapili ni askofu wetu, na muda unaobaki ni mjumbe wa kamati ya michezo ya chuo. Mwishowe wakakubaliana Alhamisi saa kumi na moja jioni. Askofu akishasaini, mkubwa wake hana neno.

Asiye na kibali hukaa nje kwenye mabenchi ya bustani, hata awe mama mzazi. Ardith aliyajua mabenchi yale. Siku ya ndoa yake, mwaka sabini na moja, mama yake, ambaye hakuacha chai mpaka kufa, alikaa nje saa mbili kwenye baridi, mkoba mapajani. Picha ipo. Ardith huwa haiangalii.

Jumanne akaendesha gari maili ishirini na sita mpaka kituo cha mafuta cha njia panda, wanapopumzika madereva wa malori, maana Helaman kahawa huipati dukani. Kwenye kaunta alikuwapo mwanamke mwenye nyoka aliyechorwa shingoni. Ardith akaweka mbele yake mfuko wenye picha ya punje.

"Si yangu," akasema. "Mimi sinywi."

"Sawa, mama."

"Ni ya padre. Mkatoliki."

"Sawa, mama. Dola kumi na mbili."

"Anaondoka Alhamisi."

"Mama," mwenye nyoka akasema, "mimi nauza hata viberiti na siulizi unachoma nini."

Sasa hebu tumtendee haki Ardith. Katika nyumba alizokulia na kuishi hakuna aliyewahi kutengeneza kahawa. Alijua inatokana na punje, alijua inachemshwa. Na punje zinazochemshwa yeye alizijua kuliko mwanamke yeyote wa kata ile. Jumatano mchana alizimwaga kwenye ungo, akazichambua mawe. Hakupata hata moja, akasema moyoni huu ni mzigo safi. Akaziosha, akaziloweka. Maji yakatoka meusi, akayamwaga, maana maharage mazuri hayatoi uchafu namna ile. Akaweka mengine, yakatoka meusi tena, akamwaga. Mara ya nne yalitoka na rangi ya kuvumilika, akafunika sufuria akaenda kumpokea mgeni.

Padre Grabowski alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya redio, na alikula kwa moyo. Alikula nyama ya kuoka, akaongeza viazi vya jibini mara tatu, akamaliza hata ile jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo wageni wengi huizungusha tu kwenye sahani. Kisha akaegemea kiti.

"Mama Tolman, tuwe wakweli hapa mezani. Hivi fainali ikipangwa Jumapili, kweli chuo chenu kitaiacha?"

"Kitaiacha."

"Televisheni ikileta milioni hamsini?"

"Wataziacha na hizo."

Padre akacheka mpaka meza ikatikisika. "Nimekaa kwenye vikao vya ligi miaka kumi na tisa. Nimeona chuo kimeapa kwa Biblia kwamba hakitauza bia uwanjani, msimu wa pili bomba la bia linapita chini ya kanisa. Kila mtu ana msimamo mpaka simu ya televisheni ilie. Na nyie mtalegea, mama. Wala si vibaya, ndiyo dunia."

"Ongeza jeli, Padre," Ardith akasema.

Alfajiri saa kumi na moja alibandika sufuria. Akatia chumvi. Saa moja baadaye akabonyeza punje kwa kidole: ngumu. Akaongeza moto. Akachota mchuzi na kijiko cha mbao, akapuliza, akaonja. Haukuwa na ladha. Akatia chumvi kidogo na kipande cha kitunguu, akaonja tena. Akatupia punje moja mdomoni kuona kama imeiva, haikuiva, akaimeza hivyo hivyo, akaonja mara ya tatu. Saa mbili akasema liwalo na liwe, akapakua kwenye bakuli na mchuzi wake, mkate pembeni, akampelekea mgeni.

Padre Grabowski alilitazama bakuli lile kwa muda.

"Mama, hiki ni nini?"

"Kahawa yako. Nisamehe, hazijalainika vizuri. Zingehitaji kulala na maji siku mbili."

Sura ya padre ilipitia mambo mengi, lakini alikuwa mtu aliyelelewa na bibi yake huko Ohio, na mtu aliyelelewa na bibi hakatai bakuli. Akachota kijiko, akanywa. Akatafuna punje, ikalia mdomoni kama changarawe.

"Ina kitunguu," akasema kwa upole.

"Kidogo tu. Nilipoonja ilikuwa imepooza."

Neno lile lilipomtoka, Ardith alisimama na birika la maziwa mkononi. Akalisikia upya. Alipoonja. Miaka sabini na minne hajagusa, na leo, siku ya mahojiano, ameonja mara tatu na kumeza punje nzima, mkono wake wenyewe, jikoni kwake mwenyewe. Akavuta kiti akakaa.

"Mama, vipi? Ni moyo?"

Akamweleza yote: kibali, Brinlee, Jumamosi, mabenchi ya nje. "Askofu huwa anauliza kahawa kwa jina. Ni ndiyo au hapana. Na jibu langu leo limeharibika."

"Jibu gani limeharibika?" padre akasema. "Kuonja si kunywa. Mwambie hukunywa, basi. Mimi nakuondolea dhambi hapa hapa, bila malipo."

"Nitakuwa nimedanganya ili niingie nyumba ya Mungu."

"Nani atajua?"

"Padre, wewe unamuuliza nani swali hilo?"

Padre akaweka kijiko chini. "Na mjukuu wako?"

Hapo Ardith machozi yalimtoka, akayafuta na aproni kwa hasira. "Atalia. Nami nitalia. Nitakaa nje na koti langu, wakitoka nitampiga busu. Lakini simwambii askofu uongo kwa ajili ya vijiko vitatu."

 Padre Grabowski alimtazama yule bibi kama mtu aliyesoma barua mara mbili. Kisha akamaliza bakuli lote, punje moja moja, kwa adabu, akamshika mkono akamshukuru, akaenda chuoni kupiga kura.

Saa kumi na moja kamili Ardith alikuwa ofisini kwa askofu, kanisani. Dalton Bagley aliingia tai imelegea na uso wa mtu aliyeng'oa jino lisilo lenyewe. Ardith hakungoja maswali.

"Askofu, nimekunywa kahawa."

"Wewe?"

"Nilikuwa naonja kama imeiva. Vijiko vitatu. Na punje moja nikaimeza."

"Kwa nini uimeze?"

"Ilikuwa ngumu kutafuna."

Udaktari ukamtangulia uaskofu. "Lile jino la dhahabu liko salama?"

"Liko."

Akapumua, kisha akakumbuka jambo, akainua kichwa polepole. "Dada Tolman. Haya uliyonieleza, padre naye ulimweleza?"

"Neno kwa neno."

Askofu akafumba macho. "Kumbe ni wewe," akasema. Akamsimulia. Kura zilifika saba za ndiyo, ikabaki ya Ohio. Padre akasimama mbele ya wote, akasema alikuja na ndiyo mfukoni, barua au si barua, kwa sababu alidhani Jumapili yetu ni maneno ya kupandishia bei, na kwamba tukishaingia tutalegea kama wengine. Lakini asubuhi amekula na mwanamke mmoja wa mji huu, na sasa anajua kwamba watu hawa hawatalegea mpaka Yesu arudi. Anawaheshimu kwa moyo wote. Na ratiba ya ligi haiwezi kuwabeba. Akapiga hapana.

"Miaka mitatu," askofu akasema. "Safari kumi na nne. Nimekula na Wabaptisti mpaka nikazijua nyimbo zao. Angemkuta Norma Stoddard, leo tungekuwa kwenye ligi."

Ardith alijiona mdogo kwenye kiti kile. Alimfikiria Verl na barua yake. "Basi usinipe kibali, Askofu," akasema. "Sistahili, na chuo nimekiharibia. Nitakaa nje."

 Askofu alivuta kitabu cha vibali, akaanza maswali kama sheria inavyotaka, moja baada ya jingine, haraka haraka, naye Ardith akajibu. Kwenye lile la kahawa askofu akasema mpishi anayeonja chungu yuko kazini, na kazi yenyewe ilitoka kwenye karatasi ya kata, kwa hiyo dhambi hiyo, kama ipo, tugawane watu thelathini na watatu. Akafungua ukurasa wa mwisho. Hapo akaweka kalamu chini.

"Linalofuata," akasema, "linauliza kama wewe ni mkweli katika mambo yako na watu wengine."

Ardith akafungua mdomo.

"Usijibu," askofu akasema. "Tafadhali. Hilo limeshatugharimu ligi."

Akasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, akampa, akamwambia Jumamosi akae mstari wa mbele karibu na bibi harusi. Kisha akamsindikiza mwenyewe mpaka mlango wa nyuma, kwa sababu mbele rais wa chuo alikuwa amefika, na alikuwa anataka kujua ni mwanamke gani aliyempikia padre.