Pete Iliyorudishwa Mara Mbili

Jumamosi, katika hoteli moja kando ya ziwa, niliwakuta watu wa televisheni wakiwapiga picha wachumba wa mtaa wetu, kwa kipindi wanachokiita cha maisha ya kweli. Binti alimrudishia kijana pete huku akilia.

"Rudia, Mama," mwenye kamera akamwambia binti. "Machozi hayakuonekana."

Akarudia. Hapo baba mdogo wa kijana, aliyeletwa kujaza meza, akaichukua pete na kuitia mfukoni.

"Amerudisha mara mbili mbele ya mukubwa. Njo imeisha, uchumba hakuna tena."

"Papa, ni ya televisheni tu," akasema binti.

"Na machozi nayo ni ya televisheni?"

Binti akamtazama mwenye kamera. Kijana akamtazama binti, akingoja jibu.

Nimealikwa kwenye arusi yao. Sijui kama nipige koti pasi.