Matuta ya Ukingoni

Tarehe 14 Machi 2016, mjini Yuma, mzee mmoja alifaulu mtihani wa macho wa leseni ya udereva. Tangu hapo, kila majira ya baridi, yeye na mkewe huvuka jangwa la Arizona kwa gari lao lenye kitanda na jiko, mikono yake minene ikiukumbatia usukani. Siku hizi tairi la kulia hukanyaga matuta ya ukingoni, yale madogo ya kumshtua dereva anayetoka njia, gari hunguruma, naye hulirudisha barabarani.

“Umetoka njia tena, mzee!” hulalamika mkewe, Verna.

“Naitekenya lami tu, mama. Tulia.”

Leo ngurumo inapokoma, Verna anamwona ameinamisha kichwa, anasikiliza, anangoja tuta lingine limwonyeshe njia.

“Lile lori mbele yetu lina rangi gani?” Verna anamuuliza.

“Lori lipi?”

Verna anamwelekeza polepole hadi pembeni mwa barabara, gari linasimama, kisha anashika usukani ambao hajawahi kuushika.