Nilichimba kaburi la mama wa tapeli, kura zangu zikaenda na maji

Wakuu, habari za asubuhi. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe huku Ilemela.

Niligombea uenyekiti wa mtaa. Ajenda yangu ilikuwa moja tu, maji. Mama zetu wanapanda mawe na ndoo kichwani, na ziwa wanaliona pale chini. Inaudhi kwa kweli.

Sasa mtaani kuna jamaa aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Ni tapeli, sibishi. Mama yake alipofariki tukaenda kuchimba kaburi, kama kawaida ya mtaa. Kwetu huku ni mwamba mtupu, kaburi bila wanaume kumi halichimbiki.

Kuna mtu akapiga picha. Mimi na yule jamaa shimoni, tumeshika mtaimbo mmoja.

Wiki ya kampeni mpinzani wangu akasimama mkutanoni, kainua simu juu.

"Huyu ndiye mtamkabidhi muhuri wa mtaa? Ndege wafananao huruka pamoja!"

Watu wakaguna. Nikasema jamani, si tulikuwa wote? Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unaandika rambirambi!

Akacheka tu.

Nikamgeukia mzee mmoja tuliyechimba naye, ninayemheshimu sana.

"Shikamoo mzee. Hebu sema ukweli, siku ile nilikuwa peke yangu?"

"Marahaba mwanangu. Tulikuwa wote. Lakini picha ni ya kwako."

Wakuu, nilichoka. Hii ni akili gani? Hakuna aliyeuliza habari ya maji. Hakuna aliyeuliza kama mimi nimewahi kuuza hata tofali la mtu. Nikaangushwa vibaya, na ndoo bado zinapanda mlima.

Lakini kuangushwa nimeshakuzoea. Kinachonitesa ni cha juzi.

Jirani kaja asubuhi, macho mekundu, kaniambia baba yake mdogo amefariki, wanahitaji watu wa kuchimba. Badala ya kumpa pole, swali la kwanza kunitoka mdomoni likawa:

"Marehemu alikuwa na watoto wa tabia gani?"

Aligeuka akaenda nyumba inayofuata.

Nilienda kuchimba hivyo hivyo, lakini swali langu lilikuwa limeshanitangulia, hakuna aliyenisemesha.

Nilichojifunza: nimewalaumu wenzangu kwa upuuzi ule, kumbe na mimi nimeshaumeza. Aliyewahi kupakwa matope ya mtu mwingine aje aniambie alijisafishaje. Na jirani yangu nimwanzeje, wakuu?